Mfupa Uliomshinda Mzee Henki

Wanangu, kabla hamjamwinua mzee wa watu kutoka kitandani, ulizeni kwanza mguu wake anauitaje. Najua mnacheka. Mmetoka kwenye kozi, mmefundishwa kuvaa glavu, kuinama kwa magoti badala ya mgongo, na mnadhani mguu ni mguu. Na mimi nilidhani hivyo hivyo. Nimehudumia wazee hapa Sydney mpaka magoti yangu mwenyewe yakaanza kuhitaji mhudumu, na nawaambia bila aibu kwamba nimestaafu sijui mguu ni nini.

Sisi wa Tanga, mguu unaanzia nyongani unaishia kwenye kidole gumba. Ukijikwaa umeumia mguu, ukivunjika paja umevunjika mguu, na watu watakupa pole ile ile. Waingereza wameukata vipande viwili. Cha juu ni leg, cha chini ni foot, na ole wako uvichanganye. Nilipokuwa mgeni kazini, kulikuwa na bibi mmoja Blacktown mwenye kidonda kwenye unyayo. Kwenye ripoti ya zamu nikaandika anaumwa leg. Akaja nesi, akampandisha gauni bibi wa watu, akakagua goti, akakagua paja, akafika nyongani, bibi anapiga kelele kwamba anadhalilishwa. Muda wote huo soksi amemwachia miguuni, na kidonda kimo ndani ya soksi.

Hiyo haikunitosha. Mzee mmoja akaniambia asubuhi, "I'm crook today, love." Mimi neno hilo nililijua kwa maana moja tu, tapeli. Nikamshika mkono, nikamwambia Mungu ni mwingi wa kusamehe, atubu tu. Kumbe kwa lugha ya huku mtu akisema hivyo anaumwa. Alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akawa ananiita padri, mimi na hijabu yangu.

Basi mkikosea msijifiche chooni kulia. Kuuliza si ujinga. Ila kuna jambo moja niliuliza, nikajibiwa, na bado sijaelewa, na hilo ndilo ninalotaka kuwaachia.

Mzee Henki alikuwa Mholanzi. Alikuja Australia akiwa kijana, akaoa mwanamke wa hapa hapa, akafundisha chuo kikuu mpaka akastaafu. Nyumba yake ilikuwa Lidcombe, karibu na reli, treni ya mizigo ikipita vikombe vinagongana kabatini. Watu wote walimwita Henk, maana hapa hata babu wa miaka tisini utamwita kwa jina lake kavu kana kwamba mlicheza naye gololi. Ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamwambia ni heshima, akasema hiyo ni bora kuliko profesa.

Nilipomuuliza alifanya kazi gani, alisema alikuwa anatafuta maneno yalikotoka. Nikadhani alikuwa polisi wa upelelezi. Akasema hapana, ila kazi zinafanana, tofauti ni kwamba mashahidi wote wamekufa.

Wakati huo alikuwa anatembea kwa fimbo. Nilimsaidia kuoga, nikampikia, nikamtembeza mpaka kona na kurudi. Siku moja nilipita bucha la halali kule Auburn nikamnunulia makongoro, nikampikia supu kama ya kwetu, yenye ndimu na pilipili kidogo. Alikula bila haraka. Halafu akachomoa mfupa kwenye bakuli, akauinua juu kama mwalimu aliyeshika chaki.

"Huu unauitaje?"

"Mfupa."

Akajipiga pajani. "Na huu?"

"Mguu."

"Kwetu yote mawili ni been."

Alilitamka kwa kulivuta, beeni, nami nikakumbuka ngoma ya beni, bibi zetu wakisimulia tarumbeta na gwaride. Nikamuuliza, "Mzee, kwani mlipungukiwa na maneno?"

Alicheka mpaka supu ikamwagika. Akasema kila kabila lina bucha lake, na kila bucha linakata mwili linavyotaka. Waingereza wamekata mguu mara mbili, ninyi hamkuukata, sisi tumeshindwa kutenganisha mguu na mfupa wake. Kisha akanieleza habari za ndugu watatu. Neno lilikuwa moja, maana yake mfupa. Mmoja akaenda Uingereza, akabaki kuwa mfupa, ndiyo ile bone yao. Mmoja akabaki Ujerumani, taratibu akahamia mguuni, mpaka leo Mjerumani akisema Bein ni mguu, ingawa pembe ya ndovu bado wanaiita mfupa wa tembo. Wa tatu yuko Uholanzi, amekaa kotekote, hataki kuhama.

"Na baba yao ni nani?" nikauliza. Sisi watu wa pwani hatuwezi kusikia ndugu watatu tusiulize baba.

Akachovya kidole kwenye supu, akachora mezani kinyota kidogo, na mbele ya kinyota akaandika kitu kama baina. Nikamwambia hilo kwetu lipo, ni kati ya mtu na mtu. Akasema hapana, ni sadfa tu, maneno hufanana sura bila kuwa na undugu, kama watu sokoni. Nikauliza kinyota ni cha nini.

"Kinyota maana yake hakuna aliyelisikia," akasema. "Halikuandikwa popote. Tunatazama wajukuu, pua zao, vipaji vya nyuso zao, tunakisia sura ya babu. Tunaamini alikuwepo, lakini hatukumwona."

"Na babu wa babu?"

Hapo akaurudisha mfupa bakulini. Treni ikapita, vikombe vikagongana, ikaisha. Mwishowe akasema hapo ndipo alipokaa maisha yake yote. Mgiriki, Mrumi, Mhindi, wote hao neno lao la mfupa lina ukoo mmoja, unaweza kulifuata nyumba kwa nyumba. Hawa wa kaskazini peke yao wana hili la kwao, na hakuna ajuaye walilitoa wapi. Wapo wanaosema mwanzo lilikuwa na maana ya kitu kilichonyooka. Wapo wanaosema lilitokana na kupiga.

"Wewe unasemaje, Mzee?"

"Perhaps."

"Lipi kati ya hayo?"

"Perhaps yote mawili. Perhaps hata moja."

Nikamwambia kwetu tunasema labda. Akalipenda hilo neno kama mtoto aliyepewa peremende. Lab-da. Nikamwambia pia kwamba swali la aina hiyo tunaliita mfupa uliomshinda fisi. Alipiga meza kwa furaha, akataka nirudie mara nyingi. Kisha akaniambia hata mfupa wetu una kinyota chake, kwamba wazee wa wazee wetu walisema kitu kama kupa. Nikamwambia mimi namjua kupe wa ng'ombe tu. Tangu siku hiyo kila nilichomuuliza alijibu kwa Kiswahili. Mzee, utaoga sasa? Labda. Mzee, chai? Labda. Ilikuwa inaniudhi na inanichekesha kwa pamoja.

Alikuwa na watoto wawili. Binti, Anneke, alikuwa anaishi karibu na Westmead, akija kila baada ya siku mbili. Mwana wa kiume yuko Perth, ambako ni mbali kuliko watu wanavyofikiri, anaendesha malori makubwa ya mgodi. Huyo hakuwa anakuja wala kupiga simu, na Mzee hakumtaja. Anneke ndiye aliyenieleza, tukiwa jikoni tunakausha vyombo. Mama yao alikufa kwa saratani iliyoingia kwenye mifupa. Alilia kwa maumivu chumba hiki, na baba yao yuko chumba kile na vitabu vyake, anatafuta lile neno. Siku ya mazishi kaka yake alimwambia baba mbele za watu, "Unajua neno mfupa lilitoka wapi, hujui mifupa ya mama ilikuwa inauma wapi." Akaondoka.

Huyo mwana wa kiume aliitwa Ben.

Sasa tulieni hapo kidogo, maana nataka kuwafundisha kazi. Mtu akipigwa na kiharusi, upande mmoja unakufa ganzi. Mkimvalisha, anzeni na upande mgonjwa. Mkono mgonjwa uingie kwenye shati kwanza, mguu mgonjwa uingie kwenye suruali kwanza. Mkimvua, mgonjwa awe wa mwisho. Sisi tulifundishwa na mama mmoja Mkroeshia, mkali kama siki, aliyetufunga mkono mmoja kwa kanga yangu mwenyewe akatuamuru tujivalishe. Ukishafungwa mkono huo hutasahau. Siku hizi mna winchi ya kumwinulia mgonjwa, mnabonyeza kitufe anapaa kama malaika. Sisi tulimkumbatia, tukahesabu, tukaomba Mungu. Lakini winchi haitakwambia jambo moja. Mwenye kiharusi wakati mwingine haoni kwamba ule upande uliokufa ni wake. Anautazama mguu wake kitandani anadhani ni wa mtu mwingine, au anautafuta haupati. Si wazimu. Kichwa kimeupoteza tu.

Mzee Henki alipigwa na kiharusi upande wa kushoto. Alikaa hospitali, akarudishwa nyumbani, wakaleta kitanda cha kupandisha na kushusha, na mimi nikarudi kazini kwangu. Kiingereza chake kilikuwa kimetoweka. Alikuwa anavuta maneno machache, mazito, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Madaktari walisema usemi umeharibika, huenda ukarudi huenda usirudi. Hakuna aliyefikiria Kiholanzi. Nyumbani hakuwahi kukisema, mkewe alikuwa wa hapa, watoto walilelewa kwa Kiingereza kitupu.

Nilipofika siku ya kwanza nilimkuta Anneke mlangoni, macho mekundu, anacheka na kulia.

"Rehema, anamtaka Ben! Anamwita kutwa nzima. Where is my Ben, Ben wangu yuko wapi. Msikilize!"

Nikaingia, nikasikiliza. Kweli, mzee alikuwa amekodolea macho dari, anasema, "Waar is mijn been?" Sikilizeni wenyewe mkilitamka. Vaar is main been. Masikio ya mtu anayejua Kiingereza yangesikia nini kingine? Na mimi nilisikia hivyo hivyo. Nikamkumbatia Anneke, nikamwambia damu nzito, mpigie kaka yako. Akasema ameshampigia.

Ben alikuja. Jitu la watu, mabega kama mlango, ndevu zimeanza kuingia mvi. Alisimama chumbani hajui mikono aiweke wapi. Mzee akasema, "Waar is mijn been?" Nikamwona yule mtu mzima anayeendesha malori makubwa kama nyumba akipiga magoti kando ya kitanda.

"I'm here, Dad. Niko hapa."

Mzee alimtazama kwa muda. Halafu akageuza uso, akauliza tena vile vile. Ben akajibu tena. Siku ile sikuweza kupika, machozi yalikuwa yananikatiza. Ben akaghairi tikiti ya kurudi. Akawaambia wa kazini kwake kwamba baba yake anamwita, hajui atarudi lini. Akawa analala sebuleni kwenye kochi fupi, miguu inaning'inia nje, na kila mzee alipouliza alikuwa anaruka. "Here, Dad." Lakini mzee hakutulia. Kadiri alivyojibiwa ndivyo alivyozidi kuhangaika, anapapasa shuka, jasho linamtoka, anakasirika. Ben akaanza kudhani baba yake hajamsamehe. Akaniuliza, "Rehema, ananiita halafu hanitaki?" Nikamwambia ni ugonjwa. Nilikuwa najiambia mwenyewe.

Wiki ile nilimwogesha nikiwa peke yangu naye. Nimeweka beseni, nimemfunika taulo ili asipate baridi, naosha ule upande ulio mzima. Mkono wake mzima ukaanza kupapasa godoro upande wa kushoto, unatafuta, kama mtu aliyeangusha miwani. "Waar is mijn been?" Na mimi, sijui ni Mungu au ni harufu ya ile ndimu niliyotia kwenye maji, nikaiona supu. Nikauona mfupa umeinuliwa juu. Nikaliona paja likipigwa. Kwetu yote mawili ni been.

Kitambaa kikanidondoka. Nikauchukua ule mkono wake mzima, nikauweka juu ya goti lake la kushoto. Nikasema, "Huu hapa, Mzee. Been." Akaligusa. Akalikamata. Akashusha pumzi ndefu ambayo sikuwa nimeisikia tangu atoke hospitali, akafumba macho, akalala.

Mimi nikakaa juu ya kiti chake cha choo kando ya kitanda, ambacho mfuniko wake ulikuwa umeshushwa, tumshukuru Mungu, nikawaza. Mtu ametoka Perth. Mtu ameacha kazi, anakunja mgongo kwenye kochi, kwa kuwa baba yake anamwita. Na baba yake anatafuta mguu.

Jioni nilipanda treni ya Blacktown na Esperansi, dada wa Kirundi tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Yeye alikulia kambini kule Kigoma na Kiswahili chake kina ladha yake. Nikamweleza yote.

"Mama Rehema, acha iyo mambo," akasema. "Mutoto amerudi kwa papa yake, wewe unataka kumuambia nini? Ati papa anatafuta mguu?"

"Lakini mzee anateseka, Esperansi. Akionyeshwa mguu anatulia."

"Basi wewe muonyeshe pole pole, mutoto usimuambie. Voilà, kwisha."

"Mimi siko pale kila siku. Nikiondoka nani atamwonyesha?"

Tukafika stesheni yake. Aliposhuka akageuka, akasema, "Eh. Hapo hata miye sijui."

Nawaambia ukweli, sijawahi kuchanganyikiwa vile. Nikisema, Ben atajua kwamba hakuitwa, atafungasha mkoba wake, na safari hii hatarudi hata mazishini. Nisiposema, mzee atautafuta mguu wake mpaka anakufa, na mwanawe yuko pale pale anampa jibu la swali jingine. Nyumbani mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, are you okay?" Nikamjibu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, tukaelewana nusu nusu kama kawaida, na nikawaza kwamba nyumba zote za mji huu zina ugonjwa ule ule.

Asubuhi nilimkuta Ben uani anaanika shuka za baba yake kwenye zile kamba za mlingoti unaozunguka. Anazianika vibaya, zimekunjamana. Nikaanza kuzinyoosha, maana mikono ikiwa na kazi ulimi unapata njia. Nikamweleza. Supu, mfupa, paja, Kiholanzi. Sikumficha kitu. Alikuwa ameshika kibanio cha nguo, akakibana na kukiachia, akakibana na kukiachia.

"Kwa hiyo haniiti mimi."

"Sijui, Ben. Neno ni lile lile."

"Ni mguu."

"Ni mguu. Ni mfupa pia."

Akanitazama ghafla. "Mfupa?"

Nikarudia. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, na ngazi ikalia. Akasema jina lake alipewa na mama, ni la babu mzaa mama. Baba aliposikia alicheka peke yake, hawakujua anacheka nini. Na alipokuwa mdogo baba yake hakumwita Ben. Alikuwa anamwita Bone. Come here, Bone. Go to bed, Bone. "Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa mwembamba," akasema. Kisha akainuka, akaingia ndani, na mimi nikamfuata na shuka begani, sijui anakwenda kuchukua mkoba au nini.

Alikwenda chumbani. Mzee alikuwa anapapasa shuka. Ben akavuta kiti upande wa kushoto, akakaa, akauchukua mkono mzima wa baba yake, akauweka juu ya goti lililokufa.

"Huu hapa mguu wako, Dad."

Mzee akashusha pumzi. Ben akasubiri. Kisha akauinua ule ule mkono, akauweka shavuni kwake, kwenye ndevu.

"Na huyu hapa Ben. Sasa niambie. Ulikuwa unataka upi?"

Mzee Henki alimtazama. Wallahi alikuwa amerudi, yule mwalimu wa mezani, uso wa mtu aliyeulizwa swali zuri. Treni ilipita tukaisubiri iishe. Midomo ikahangaika, ikatafuta, nikajua hata Kiingereza hakitatoka wala Kiholanzi. Kikatoka kitu kingine.

"Lab-da."

Ben akanigeukia. "What's that? Amesema nini?"

Wanangu, mimi sikuwahi kuwa mkalimani. Ningeweza kusema ni ndiyo. Ningeweza kusema ni wewe mwanangu. Nani angenijua? Chumbani mle hapakuwa na mtu anayejua Kiswahili isipokuwa mimi na mzee, na mzee neno lake lilikuwa hilo moja.

"Amesema perhaps," nikajibu.

Ben akaanza kucheka. Alicheka kicheko kikubwa cha mabega, mpaka kitanda kikatikisika, na katikati ya kicheko kikageuka kilio, na hakuutoa ule mkono shavuni. "Huyo ndiye," akasema. "That's him. Maisha yangu yote sijawahi kupata jibu jingine kwake." Mzee naye akawa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaofanya kazi.

Hakuondoka. Nilimfundisha kumwogesha, kumgeuza, kumvalisha. Alikuwa mzito wa kuelewa, mara mbili alimwingiza mguu mzima kwanza, suruali ikakwama, nikamtisha kwamba nitamfunga mkono kwa kanga. Mwisho akaweza. Akawa anajua kuliko vijana wengi niliofanya nao kazi, na ninyi mlioko hapa msinune.

Mzee aliishi mpaka mvua za baridi zilipoanza. Najua mtaniuliza, je, alikuwa anamwita mwanawe au mguu? Anneke anasema alimwita Ben tangu mwanzo, na hataki kusikia habari za Kiholanzi. Esperansi anasema Mungu alimwita kwa mdomo wa mguu. Mimi nimewaza nikiwa natembea, nikiwa naswali, nikiwa nachambua mchele, na kila nikikaribia jibu linanikimbia. Labda yote mawili. Labda hata moja. Hilo neno lingeandikwa popote, ningeliwekea kinyota mbele yake.

Lakini nakumbuka asubuhi moja, zamu yangu ya mwisho mwisho pale Lidcombe. Nilifungua mlango kwa ufunguo wangu, nikavua viatu. Nikasikia kutoka chumbani, "Waar is mijn been?" na Ben akajibu, taratibu, sauti ya mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote, "Here, Dad. Hapa hapa." Mlango wa chumba ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Ningepiga hatua moja ningeona ule mkono ameuweka wapi, gotini au shavuni.

Sikupiga. Nikaenda jikoni kuchemsha maji ya kuogea.